Hiyo "mara nne" ya amplifaya ya balansi mtueleze vizuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na mkiona ni ndefu kateni popote ila msikate pale ninapoongelea waya uliogeuzwa, maana hapo ndo nilipoaibika na hapo hapo ndo nilipopata akili. Majuzi kwenye ukurasa wenu wa teknolojia kuna msomaji aliuliza, anataka kusikiliza muziki nyumbani kwa hedifoni, je anunue amplifaya (kile kifaa cha kukuza sauti) ya kawaida au hii wanayoiita ya balansi, na mtaalamu wenu akamjibu mistari mitatu tu kwamba achukue ya balansi kwa sababu nguvu yake ni mara nne na haina kelele za umeme. Basi, imeisha hiyo. Nilikuwa kijiweni hapa Isevya nakunywa kahawa, nikacheka peke yangu mpaka muuza kahawa akaniuliza mwalimu kulikoni, maana jibu kama hilo hilo, tena karibu kwa maneno hayo hayo, ndo lililonitoa mimi laki nne na nusu.

Sisemi amedanganya. Mara nne ni kweli, hesabu yake naiweka hapa chini. Ila ni kweli ya kwenye maltimita, kile kipimio cha umeme cha mafundi, na yule msomaji alikuwa anauliza habari za masikio yake.

Nijieleze kidogo. Mi ni mwalimu wa fizikia, mke wangu ni nesi, akitoka zamu ya usiku analala mchana na akiwa zamu ya mchana usiku anataka kulala, yani nyumba yangu haina saa ya kufungulia spika. Na mimi bila muziki madaftari hayasahihishiki. Baba mdogo aliniachia kanda za bendi zetu za hapa, Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids, wale wazee ambao enzi zao mji huu ulikuwa unabishana kuhusu magitaa kama leo watu wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga, nikazihamishia kwenye laptopu moja moja, kazi ya likizo mbili hiyo. Kwa hiyo hedifoni kwangu siyo mbwembwe, ni amani ya ndoa. Binamu yangu aliyeko Uingereza akanitumia Sennheiser HD 600 aliyokuwa ameichoka, hedifoni iliyotoka 1997, omu 300, yani ukinzani wake kwa umeme ni mkubwa. Nikiichomeka kwenye simu inasikika, ila kwa mbali, kama gari la matangazo linalopita mtaa wa pili. Nikaambiwa hiyo inataka amplifaya. Nikauliza ipi. Nikajibiwa balansi, mara nne.

Sasa balansi ni nini hasa, maana hilo nalo mtaalamu wenu hakuligusa. Jeki ya kawaida ya hedifoni, ile ndogo ya milimita 3.5 au ile nene ya 6.35, ina sehemu tatu, ncha ni sikio la kushoto, pete ni la kulia, na shina ni njia ya kurudia ambayo masikio yote mawili yanachangia kama wapangaji wanavyochangia choo cha uani. Kwenye balansi kila sikio lina waya wake wa kwenda na wake wa kurudi, jumla waya nne, ndo maana na plagi zake ni nyingine, kuna XLR ya pini nne, kuna vijeki vya 2.5 na 4.4. Na huo waya wa kurudi haukai bure, nyuma yake kuna amplifaya nyingine inasukuma kinyume cha mwenzake. Nyie mlio mjini huko sijui kama mmewahi kuona watu wanapasua mbao porini kwa ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo mmoja chini, huyu akivuta yule anasukuma. Ndo hivyo. Volti kati ya zile waya mbili zinakuwa maradufu, na kwa kuwa nguvu ni volti kuzidisha volti kugawa kwa omu, volti zikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Hata vijana wangu wanaipata hiyo, wakiwa wamelala vizuri. Lakini kuna sharti: amplifaya isiishiwe pumzi ya kutoa mkondo, maana kwa hedifoni za omu chache mara nyingi inaishiwa kabla hiyo mara nne haijafika.

Ngoja niweke namba zangu mwenyewe. HD 600 kwa karatasi ya walioitengeneza ukiipa volti 1 inatoa desibeli 97, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Volti 1 kwenye omu 300 ni miliwati 3.3, kiasi ambacho hakiwashi hata kitaa cha redio vizuri. Amplifaya yangu kwenye jeki ya kawaida nimeipima ikafika volti 5, sawa na miliwati 83, sawa na desibeli kama 111. Upande wa balansi volti 10, miliwati 333, desibeli 117. Sasa angalieni hapo, 83 kwenda 333 ni mara nne kweli, lakini 111 kwenda 117 ni desibeli 6, na sikio la binadamu linataka kama desibeli 10 hivi ndo likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, kwa hiyo ile mara nne mpaka ifike sikioni haijafika hata mara mbili! Afu hizo 111 zenyewe za jeki ya kawaida mtu anazipeleka wapi? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikilize desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu, 83 ni saa 20, 86 saa 10, 89 saa 5 za wiki nzima. Peleka hesabu hiyo mpaka 111 uone, haifiki dakika mbili kwa wiki. Mimi nasikiliza kwenye sabini na kitu, yani hata pale tumba inapopigwa kwa hasira sivuki miliwati moja, na nimenunua miliwati 333. Ni kama umenunua fuso la kubebea tumbaku afu unaendea nalo sokoni kununua mchicha.

Lakini haya niliyajua baadaye, hela ilishatoka.

Waya sasa. HD 600 ina raha moja, waya wake unachomoka pande zote mbili, kwa hiyo unaweza kuubadilisha bila kuipasua hedifoni. Nikampelekea fundi mmoja wa redio anitengenezee wa XLR. Mtu hodari tu, simsemi vibaya. Nikamwandikia kwenye karatasi, pini ya 1 kushoto chanya, 2 kushoto hasi, 3 kulia chanya, 4 kulia hasi. Akalehemu siku hiyo hiyo huku anahudumia wateja wawili na jicho moja liko kwenye mpira. Nikalipa, nikaenda nyumbani karibu nakimbia.

Nikachomeka, na Mhariri nisikufiche, nilisikia mabadiliko. Makubwa! Muziki ulipanuka, magitaa yakatoka nje ya masikio yakawa yanaelea pembeni huko, nikasema loh, kumbe miaka yote nilikuwa nasikiliza kupitia tundu la ufunguo. Nikamwita mama watoto nikamvalisha, nikamuuliza unausikia huo upana? Akasikiliza, akasema wanaimba kama wako nje ya dirisha. Nikaichukua kama sifa. Wiki tatu nzima nilihubiri balansi kwenye ofisi ya walimu, mpaka mwenzangu wa hesabu akaanza kuweka akiba, na mtu wa hesabu kuanza kuweka akiba kwa ajili ya kitu ambacho hajakisikia ujue nilihubiri kweli.

Kilichonifumbua ni kanda za baba mdogo. Rekodi zile za zamani nyingi ni mono, maana yake kushoto na kulia kinapita kitu kile kile, na mono ukiisikiliza kwa hedifoni iliyo sawa mwimbaji lazima akae katikati ya kichwa, hapa kati ya macho, hana pa kwenda pengine. Usiku mmoja nikaweka rekodi moja ya Nyanyembe, mwimbaji simwoni. Yuko kushoto na yuko kulia, katikati peupe kama uwanja wa mpira watu wakishaondoka. Na besi ipo ila haina tumbo. Kwanza nikadhani kanda imeliwa, nikarudisha waya wa zamani kwenye jeki ya kawaida, mzee huyo hapo, amekaa katikati ametulia na besi imerudi. Nikachukua maltimita nikafuatisha waya mmoja mmoja. Pini ya 3 na ya 4 zimebadilishana. Yani muda wote sikio la kulia lilikuwa linasukuma wakati la kushoto linavuta, na ule upana niliousifia wiki tatu, uliomfanya mwalimu wa hesabu afungue kibubu, ulikuwa kosa la lehemu.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Akageuza bure. Sina kesi naye, kesi ninayo na masikio yangu, ambayo yalishalipa laki nne na nusu kwa hiyo yalikuwa yako tayari kusikia chochote.

Na baada ya kugeuzwa? Balansi ikasikika sawasawa na jeki ya kawaida, au nilidhani hivyo, ila kwa kuwa nilishajua masikio yangu yana ushahidi wa kununuliwa nikaamua kuyaweka kizimbani vizuri. Fundi akanitengenezea kiunganishi kifupi cha kutoa XLR kwenda jeki ya 6.35, ili waya wa hedifoni uwe ule ule mmoja, usije ukanikonyeza kwa uzito wake. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akawa mchomekaji, mi nimempa mgongo na kitambaa usoni, yeye anarusha sarafu, ikiwa mwenge balansi, ikiwa kichwa jeki ya kawaida, anaandika kwenye daftari, mi nataja. Mara kumi. Raundi ya kwanza hatukugusa kitasa cha sauti, kilibaki pale pale kwa zote mbili. Nikapata kumi kwa kumi! Shemeji akataka kunipigia makofi, nikamwambia subiri, hapo sijasikia ubora, nimesikia inayopiga zaidi. Ndo ugonjwa wenyewe huo, sikio likisikilizishwa vitu viwili na kimoja kimezidi sauti kidogo tu, hata desibeli moja, haliji kukuambia hiki kina sauti kubwa, linakuambia hiki kitamu, kina uhai, kina sijui nini. Na balansi kitasa kikiwa pale pale inazidi kwa desibeli 6. Wauzaji wanalijua hilo vizuri kabisa, we nenda dukani ukasikilizishwe uone kama kuna anayekusawazishia sauti.

Raundi ya pili tukasawazisha. Nikapiga mlio wa hezi 100, yani mitetemo 100 kwa sekunde, kutoka kwenye laptopu (maltimita za bei zetu hizi ukizipa mlio wa juu zinasema uongo, kaeni karibu na hezi za umeme wa ukutani), nikapima jeki ya kawaida kati ya ncha na shina, nikaweka nusu volti, nikachora alama kwenye kitasa kwa kalamu. Afu balansi, pini ya 1 na ya 2, nusu volti, alama nyingine. Shemeji akawa anachomeka na kupeleka kitasa kwenye alama yake. Mara kumi tena, na safari hii niliteseka, kila mara najishauri, narudisha nyuma wimbo, natafuta ule mchakacho wa marakasi. Nikapata sita. Nikaona sita si haba, nikaanza kuvimba tena, afu mwalimu ndani yangu akaamka, sarafu ukiirusha mara kumi kupata sita au zaidi kwa bahati tu inatokea kama mara 38 katika mia. Ukitaka nikuamini uniletee tisa, maana tisa au kumi kwa bahati ni kama mara moja katika mia. Tukabadilishana, shemeji akavaa kitambaa, akapata nne, akasema nyimbo zenyewe za wazee.

Kuna hoja nyingine wapenzi wa balansi wanaileta na siyo ya kijinga, kwamba kwa kuwa masikio hayachangii njia ya kurudia basi sauti ya kushoto haivujii kulia. Ni kweli inapunguza. Lakini kwanza nilipofungua plagi ya zamani ya HD 600 nilikuta waya nne zinakuja mpaka ndani, zinakutana pale pale kwenye plagi, kwa hiyo panapochangiwa ni padogo mno ukilinganisha na omu 300. Pili, wazee wetu walisikiliza sahani za santuri ambazo sindano yake ikijitahidi sana inatenganisha kushoto na kulia kwa desibeli 20 mpaka 30 hivi, na hamna aliyelalamika kwamba stirio haipo, jeki ya kawaida ya amplifaya ya maana inazipita hizo mbali. Na tatu, mimi nasikiliza mono! Kushoto ikivujia kulia inavujia kitu ambacho kulia kipo tayari. Nimelipia geti la kutenganisha maji na maji.

Nije kwenye kelele za umeme, maana hapa ndo mtaalamu wenu kakosea kabisa, siyo nusu. Balansi inayoondoa kelele ni ile ya waya wa kuleta sauti, kama waya wa maikrofoni unaotoka jukwaani mita ishirini na mawimbi yake madogo, kule mwishoni kifaa kinatoa tofauti ya waya mbili na kelele iliyoingia kwenye zote mbili inajifuta. Waya wa hedifoni ni mita tatu na unabeba sauti ambayo ilishakuzwa, kelele ya kudakwa njiani haipo ya kusikika. Kwangu kelele ilikuwepo, tena nzito, nguuuu ya hezi 50, na ilikuwa sawa sawa kwenye balansi na kwenye jeki ya kawaida kwa sababu ilikuwa inaingia mapema, kutoka kwenye laptopu. Nikichomoa chaja ya laptopu kimya. Nikirudisha nguuuu. Fundi umeme akaja akafungua soketi, ina matundu matatu kama kawaida, nyuma ya lile tundu la ethi, la waya wa usalama unaokwenda ardhini, hamna waya umefika popote, umekunjwa tu ukafichwa ukutani kama mtoto aliyevunja kikombe. Nyumba ngapi Tabora ziko hivyo Mungu ndo anajua. Tukazika fito la shaba uani karibu na bomba ambako ardhi ina unyevu, maana kiangazi chetu udongo unakauka kabisa na udongo mkavu haupitishi vizuri, nikawa nachomeka laptopu na amplifaya kwenye soketi moja ya kurefushia. Nguuuu imeisha. Gharama yake haikufika hata robo ya amplifaya. Na tafadhali wasomaji, msije mkasikia mtu anawaambia kata pini ya ethi kelele itaisha. Inaweza kuisha kweli, na wewe ukaisha siku chaja ikipata shoti.

Je balansi haina mtu wake? Anao. Kuna hedifoni zinakula umeme, kama ile HE-6 ya HiFiMan, hiyo kwa miliwati 1 inatoa desibeli 83.5 tu, ukitaka vilele vya 110 unahitaji karibu nusu wati, hapo jeki dhaifu itachoka na balansi ina kazi ya kufanya. Pia kuna amplifaya ambazo mtengenezaji akili yake yote kaiweka upande wa balansi na jeki ya kawaida kaiweka ili tangazo likamilike, hapo tumia balansi usibishane. Lakini mwenye vile vidude vya kuingiza ndani ya sikio balansi inaweza kumwongezea "shhhh" nyuma ya muziki, maana na kelele za ndani za zile amplifaya mbili zinajumlishwa. Na omu za mlango wa kutokea wa amplifaya nazo zinakuwa maradufu. Hesabu ya mtaani ni kwamba hedifoni iwe na omu angalau mara nane ya za amplifaya, kwa hiyo mwenye hedifoni ya omu 32 anataka amplifaya isiyozidi 4. Mimi na 300 zangu hilo halinihusu, ila msomaji wenu hakuulizwa hata ana hedifoni gani.

Hatari mbili nizitaje kabla sijasahau, maana hizi zinaunguza vitu. Kiunganishi nilichotengenezewa mimi kinatoa waya wa balansi kwenda kwenye jeki ya kawaida, hicho hakina shida. Kinyume chake, kuchukua hedifoni ya jeki ya kawaida na kuichomeka kwenye tundu la balansi kwa kiunganishi cha kuunga unga, kinazikutanisha zile hasi mbili za kushoto na kulia, na nimeshasema zile siyo hasi za kukaa kimya, kila moja ina amplifaya nyuma yake. Umezigombanisha. Amplifaya nzuri itajizima, nyingine itatoa moshi. Na ukinunua iliyotumika, kabla hujachomeka hedifoni weka maltimita kwenye volti za DC, pima pini ya 1 na 2, halafu 3 na 4, bila muziki. Ikisoma milivolti chache sawa, ikisoma mamia rudisha, hiyo itaikaanga hedifoni polepole. Afu umeme wetu huu wa kukatika na kurudi, amplifaya nyingi zikishtuka zinapiga "dufu!" moja ya nguvu, mi umeme ukikatika navua hedifoni na kuchomoa plagi kwanza ndo natafuta tochi, na mke wangu ananiona sina akili.

Ombi langu Mhariri ni kwamba yule msomaji ajibiwe upya. Mtaalamu amuulize ana hedifoni gani, omu ngapi, desibeli ngapi kwa volti moja, anasikiliza nini na kwa sauti gani, na kama yuko mji ambao kuna duka la kumsikilizisha basi aende na maltimita, wamshangae tu. Inawezekana jibu likabaki balansi. Inawezekana pia likawa amplifaya ndogo ya jeki moja na hela iliyobaki akamlipa fundi umeme.

Mwalimu wa hesabu nilimrudia nikamweleza yote, pini ya 3 na ya 4, sarafu, sita kwa kumi. Alinyamaza kidogo, akasema ile akiba alishaitoa zamani kununulia bati, alikuwa anaogopa kuniambia. Waya wa XLR nimeutundika msumarini juu ya meza. Shemeji anauomba, sijui wa nini, hedifoni hana.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa fizikia,
Isevya, Tabora.